Kamba ya Mita Thelathini

Ilianza Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Nina uhakika kwa sababu niliandika. Mwalimu Mbwambo, mwalimu wetu mpya wa michezo, alinikabidhi kaunta buku lenye jalada jeusi akasema, "Juu kabisa weka siku na saa," na mimi nikiambiwa jambo na mwalimu nalifanya kupita kiasi, kwa hiyo nikaweka na dakika. Nilikuwa kidato cha tatu, umri miaka kumi na sita, winga wa akiba wa timu ya wasichana, na nilikuwa nimesimama nyuma ya golikipa wetu Mariamu, ambaye ni mpana, nikitumaini kwamba sitaonekana. Nilionekana kwa sababu hiyo hiyo. "Wewe unayejificha, una mwandiko?" Kabla sijafungua mdomo Mariamu akanijibia. "Mwandiko anao, mwalimu, kama wa mashine. Sauti ndiyo hana." Wakacheka wote, hadi wale waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wakisubiri watupigie kelele. Tangu jioni ile hakuna aliyeniita tena Namkunda pale kiwanjani. Niliitwa Karani, nikawa na vitu vitatu vya kutunza: kaunta buku, kalamu, na kamba.

Nimelifungua tena kaunta buku hilo wiki hii kwa sababu ya Mwalimu Mbwambo mwenyewe. Amehamishiwa shule ya huko Bendera, na Ijumaa iliyopita tukamwandalia kahafla kadogo ka kumuaga, sisi tuliowahi kucheza chini yake, tuliomaliza na wanaoendelea. Pilau lilikuwa zuri. Halafu akasimama kutoa neno, akasimulia habari ya kamba. Alisimulia vizuri sana, na mikono juu: jinsi alivyoitilia shaka, jinsi alivyoipima, jinsi alivyosimama kiwanjani asubuhi na mapema kama mtu wa maabara. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na soda mkononi na masikio yanawaka moto. Nasieku, winga mwenzangu wa siku zile, aliyekuwa amekaa kulia kwangu, akanigonga goti chini ya meza. "Karani, sema." Nikamwambia siwezi. "Miaka mitatu bado huwezi?" Nikatikisa kichwa. "Basi kaandike," akasema, akinyofoa nyama kwenye sahani yangu, "si ndiyo kazi yako." Sasa naandika. Sina ugomvi na Mwalimu Mbwambo, ni mtu mwema. Ila jamani, hata kamba yangu?

Ilikuwa kamba ya katani, mpya, inanuka kama gunia. Mwalimu aliazima futi ya chuma ya fundi ujenzi mmoja, akakata mita thelathini juu ya alama, akafunga kitambaa chekundu penye mita ishirini. Futi ikarudishwa kwa mwenyewe siku ile ile, na kuanzia hapo kamba ndiyo ikawa serikali. Pale Same kiwanja chetu ni changarawe na vumbi, na upepo wake anaujua kila mtu aliyewahi kukausha nguo mji ule. Akanyoosha kamba, akaweka mawe mawili ya chokaa, moja huku na jingine kule penye kitambaa, kisha akawasha simu yake na kispika. Sauti ya mwanamume wa Kizungu ikatoka, ya upole, kama ya mtu anayekukaribisha chai. Ikilia "piii" unakimbia kutoka jiwe hili hadi lile. Ikilia tena uwe umeshafika, unageuka. Kila dakika moja hivi anasema umepanda hatua, na milio inasogeleana. Ukiachwa na mlio mara mbili, umetoka. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mtu katolewa hatua ya ngapi, mlio wa ngapi, kisha na mimi nikimbie wa mwisho, mtu mwingine akinishikia kalamu. Tulimwita Mzungu wa Simu. Tulimchukia. Mariamu alitolewa hatua ya nne, akajilaza chali akasema, "Mimi ni golikipa. Mpira uje wenyewe."

Kipimo cha pili kilikuwa mbio sita za mita thelathini, kamba yote. Unakimbia kwa nguvu zako zote, unapumzika sekunde ishirini, unakimbia tena, mara sita. Mwalimu hakujali sana mbio ya kwanza. Alikuwa anatafuta tofauti kati ya ya kwanza na ya sita. "Mbio ya kwanza inakimbiwa na miguu," alituambia, akichora mapafu mawili ubaoni yaliyofanana na maharage. "Ya sita inakimbiwa na haya. Mpira wa miguu ni mbio ya sita. Dakika ya sabini, beki kachoka, winga kachoka, nani atafika kwanza? Mwenye pumzi ya kurudia." Alikuwa sahihi, na leo najua alikuwa sahihi, lakini mtu aliye sahihi kila siku saa kumi jioni kwenye jua la Same anachosha. Alitushika mapigo ya moyo shingoni hata kwenye foleni ya uji. Alinituma nihesabu pumzi za Mariamu akiwa amelala, nikahesabu, Mariamu akaamka akanitupia kandambili.

Kwenye mbio sita mimi nilikuwa kichekesho. Ya kwanza nilimshinda karibu kila mtu. Ya pili hivyo hivyo. Ya nne miguu ikageuka ya mtu mwingine, na ya sita nilifika kama bibi aliyetumwa sokoni. Nasieku hakuwa wa kwanza katika mbio yoyote ya mwanzo, lakini mbio yake ya sita ukiiweka karibu na ya kwanza ungedhani niliandika mara mbili kwa bahati mbaya. Kwa Mzungu wa Simu alifika hatua ya nane, mlio wa tatu. Hakuna aliyemkaribia. Mimi nilikomea hatua ya saba, mlio wa kwanza.

Nasieku kwao ni Kwakoa, huko chini kuelekea ziwa Jipe, nyumba ya wafuga ng'ombe, na pale shuleni alikaa bweni. Kila mwalimu na kila mpita njia alikuwa na maelezo yake. Eti hawa watoto wa wafugaji wamezaliwa na pumzi. Nasieku alikuwa anakereka. "Mimi nyumbani natembea polepole kuliko ndama," aliniambia siku moja tukichota maji. "Ukimkimbiza ng'ombe baba anakuchapa." Pumzi yake aliitengeneza mwenyewe. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa anaamka kabla ya kengele anakimbia hadi relini na kurudi, kidogo kidogo, halafu baadaye akaanza kukimbia kipande kwa kasi, kipande polepole, bila kufundishwa na mtu. Nilijua kwa sababu nilimwuliza. Watu wengine hawakumwuliza.

Sasa jambo lenyewe. Wilaya ilitaka wasichana watatu kutoka shule yetu kwa ajili ya timu ya kwenda mashindano ya mkoa, na huko mkoani kungekuwa na walimu wa shule moja ya Moshi inayochukua wasichana wanaojua mpira na kuwasomesha hadi kidato cha sita. Mariamu nafasi yake ilikuwa ya uhakika, maana magolikipa hawapatikani. Kiungo wetu, nahodha, hakuna aliyebishana naye. Ikabaki nafasi moja, ya winga. Winga wa kulia alikuwa Nasieku. Winga wa akiba wa kulia nilikuwa mimi. Mwalimu Mbwambo akatangaza kwamba hatachagua kwa macho wala kwa kusikiliza watu. Atachagua kwa kaunta buku. "Daftari halina shangazi," akasema, akinitazama, kwa sababu mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu pale mjini, na shangazi yangu alishamfuata mara moja kumwuliza kwa nini sichezeshwi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Likizo ya mwezi wa nne akatupeleka kambini, Shighatini, juu kabisa Ugweno, wiki moja. Nadharia yake ilikuwa kwamba milimani hewa ni nyembamba na mteremko haukosi, tukishuka tutakuwa na mapafu mapya. Nasieku hakuja. Kwao walikuwa wanahamisha mifugo, kaka yake mkubwa hayupo, na ndama hawajui kuna kambi. Alimwambia mwalimu ana kwa ana, kwa heshima zote, na mwalimu akasema, "Haya, lakini kambi ndiyo kipimo."

Nikifumba macho naliona lile darasa tulilolala, madawati yamesukumwa nyuma, magodoro kumi na mawili chini, na kwenye ubao mchoro wa moyo wa chura ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufuta. Mvua ya masika ilikuwa inaamua yenyewe. Isiponyesha, ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia darasani bila kubisha, ukakaa. Soksi hazikukauka wiki nzima. Tulikula makande asubuhi, makande mchana, na jioni Mama Nuru, mpishi wetu, mama wa pale pale aliyekuwa na sweta mbili mwilini wakati wote, alituuliza tunataka kula nini, tukisema wali anacheka, anapakua makande. Yalikuwa matamu lakini, yenye nazi na karoti, sisemi uongo. Mimi nilipenda kukaa mlangoni kwa jiko lake kwa sababu ya moto na kwa sababu mtu mkimya akikaa jikoni watu humsahau wakaendelea kuongea.

Jioni moja nikamsikia Mama Nuru akimwambia Mwalimu Mbwambo, "Mwalimu, ile kamba yenu inalala nje na ukungu huu?" Mwalimu alikuwa anapuliza chai. "Kamba haina mafua, mama." "Sijasema mafua. Nasema muilaze ndani, itawashangaza." Mwalimu akacheka, akaanza kumweleza habari za mapafu. Niliyaandika maneno hayo, yapo, ukurasa wa thelathini na moja, pembeni, kwa sababu nilipenda jinsi alivyosema itawashangaza. Niliyaandika, nikafunga daftari, nikala makande. Mtunza kamba ni nani? Ni mimi. Nani aliiacha nje kila siku juu ya jiwe chini ya mchirizi wa bati, kwa sababu baridi ilimfanya akimbilie ndani? Ni mimi. Nikisoma ukurasa ule leo natamani kumshika yule msichana mabega nimtikise.

Alhamisi ya kambi tukapimwa. Kamba ilikuwa imelowa hadi inatoa maji ukiikamua. Tuliinyoosha kwenye majani, tukaweka mawe, Mzungu wa Simu akaanza adabu zake. Wote tulipanda. Hata Mariamu alifika hatua ya sita, akatutazama kama amefufuka. Mimi nilikimbia nikisubiri ile miguu ya mtu mwingine ije, haikuja. Hatua ya saba ikapita. Ya nane ikaanza, mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nilipofika jiwe kwa mlio wa nne nahodha wetu, aliyekuwa amenishikia kalamu, akapiga yowe. Nane, mlio wa nne. Mlio mmoja juu ya Nasieku. Mbio sita nazo, ya sita yangu ikawa ya mtu mzima mwenye akili zake. Mwalimu Mbwambo alinipa mkono kama napokea cheti. "Umeona, Karani? Milima!" Nilicheka kwa sauti mbele za watu. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo kabla.

Sitajifanya mtakatifu. Niliitaka nafasi ile. Nilikuwa nimeshajiona nashuka kwenye basi la Moshi na begi langu. Tuliporudi Same, Nasieku akarudi kutoka Kwakoa amekonda na jua limempiga, akaenda kumwomba mwalimu apimwe upya. Nilikuwa pale pale, nimebeba kamba begani. "Kambi ndiyo kipimo, nilikuambia," Mwalimu akasema. "Na nimekuhurumia, nimeichukua namba yako ya mwezi wa pili. Nane na tatu. Mwenzako ana nane na nne." Nasieku akanitazama, hakukasirika, alishangaa tu. "Karani, kutoka saba hadi nane na nne? Kwa wiki moja?" "Milima," nikasema. Ndiyo neno pekee lililotoka. Akasema, "Aisee," akaenda zake, na asubuhi iliyofuata alikimbia relini kama kawaida.

Shangazi yangu ni fundi cherehani na ni Msabato, kwa hiyo nyumba yetu ilifua Jumapili. Jumapili ile, kesho yake orodha ikitakiwa kupelekwa wilayani, kamba yake ya nguo ilikuwa imekatika, na macho yake yakaangukia ile yangu, iliyokuwa juu ya kabati wiki kadhaa, kavu kama mfupa. "Ilete hiyo." Nikamwambia ni ya shule. "Shule itakufa ikianika shuka?" Tukaifunga, kutoka mwarobaini hadi nguzo ya jiko na kurudi, Shangazi akiivuta kwa mguu, ikakaza vizuri. Tukaanika. Nguo zilikuwa zinachuruzika maji. Upande wa pili wa ua alikuwepo jirani yetu, na Shangazi akawa anaongea naye kwa sauti ambayo hata watu wa barabara kuu wangeisikia. "Huyu huyu unayemwona hasemi. Kesho jina lake linakwenda wilayani. La kwanza kuandikwa." "Namkunda?" jirani akasema. "Si huyu anayetuamkia huku anakimbia?" "Huyo huyo. Mtazame." Nikainama kwenye beseni. Kwa furaha nikakamua soksi moja mara tatu.

Haikupita muda kukawa na mlio kama mtu amevunja kijiti. Msumari wa nguzo ya jiko ulikuwa umeng'oka na kipande cha mti, na shuka zote mbili zilikuwa vumbini. Nikajua nitalaumiwa. "Sikuifunga mimi, Shangazi." Lakini Shangazi alikuwa ameinama anaivuta kamba kwa vidole, anaitazama anavyotazama kitambaa sokoni. "Pumbavu mimi," akasema. "Nimekulia kwenye mkonge, baba yangu kaukata maisha yake yote, halafu naanika kwenye katani mbichi nimeikaza hivi. Katani mpya ikinywa maji inajivuta. Inajikusanya. Inang'oa chochote ulichoifungia. Hilo anajua hata mtoto wa kule." Akanigeukia. "Mbona umekuwa hivyo?"

Nilikuwa nimekaa chini, kwenye shuka. Nilichukua futi yake ya kushonea, ile ya kitambaa, ya mita moja na nusu. Nikanyoosha kamba uani ikiwa imelowa, nikapima kutoka mwanzo hadi kitambaa chekundu. Mara kumi na mbili na kipande, chini ya mita kumi na tisa. Nikaiacha juani. Same huna haja ya kusubiri sana. Ilipokauka nikamwomba Shangazi ashike upande ule, tukaivuta kwa nguvu, nikapima tena. Mara kumi na tatu na karibu nusu mita. Ishirini, pungufu ya kiganja. Kwa hiyo kule Shighatini kila niliposikia "piii" na kugeuka kwenye jiwe, nilikuwa nimezawadiwa zaidi ya mita nzima, na mita hiyo mara sitini na kitu. Wote tulizawadiwa, lakini wote hao hawakuwa wanashindana na mtu aliyebaki kwenye mita ishirini za kweli, kwenye vumbi, mwezi wa pili. Mimi tu.

Shangazi alinitazama nikiandika. Nilidhani atasema ninyamaze, maana jirani alikuwa ameshaambiwa. Alisema, "Mwalimu wako huyo kasomea wapi?" Baadaye kidogo akasema, "Ukimwambia utalia. Wewe ukiongea na mtu mzima unalia." Nikasema najua. "Basi usiongee. Mpelekee kamba yenyewe." Nilikasirika, naandika ukweli. Nilimkasirikia mwalimu na mapafu yake, Mama Nuru kwa kusema mara moja tu, Nasieku kwa kutonikasirikia, ndama, mvua, na zaidi ya wote yule karani wa ukurasa wa thelathini na moja. Hakuna mtu aliyeniomba nipime. Ningeweza kuikunja ikiwa kavu, nikairudisha juu ya kabati, na hakuna daftari ambalo lingesema neno.

Asubuhi ya Jumatatu nikachukua ndoo ya maji ya kusuuzia yaliyobaki jana yake. Shangazi alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. "Na choo kitamwagiwa nini?" Nikasimama. "Chukua nusu," akasema. Nikailoweka kamba kwenye beseni, nikajitwika, futi ya kitambaa shingoni, nikatembea mpaka shuleni maji yakinichuruzikia mgongoni. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kiwanjani peke yangu. Mawe ya chokaa ya mwezi wa pili yalikuwepo bado pale pale. Nikafunga kamba kwenye jiwe la kwanza, nikaivuta hadi la pili. Kitambaa chekundu hakikufika. Kilisimama kabla ya jiwe, na kati yake na jiwe kulikuwa na nafasi ya kulaza mtoto. Nikakaa chini karibu na nafasi hiyo nikasubiri.

Wa kwanza kutokea alikuwa Nasieku, akirudi relini, amelowa jasho. Aliitazama kamba, akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Halikuwa jambo la kueleza. "Milima," akasema polepole. Kisha Mwalimu Mbwambo akaingia na pikipiki yake. "Shikamoo mwalimu," tukasema. "Marahaba. Nani kaikata kamba?" Nikafungua mdomo. Sauti haikuja, machozi ndiyo yalikuja, kama Shangazi alivyosema. Nikaokota kamba nikaikamua, maji yakadondoka kwenye kiatu chake. "Haijakatwa," nikasema. "Imekunywa."

Mwalimu alishuka kwenye pikipiki. Alipima kwa hatua zake, akapima tena kwa futi ya Shangazi. "Nani mwingine anajua?" "Shangazi." "Nani mwingine?" "Kaunta buku." Akafunga macho. "Mkuu ameshasaini orodha, Karani." "Haijaondoka, mwalimu." "Unajua jina litakalotoka ni la nani?" Nilikasirika tena, na nadhani hasira ndiyo iliyonisaidia. "Ninaandika mimi, mwalimu. Najua."

Akatoa simu, akaweka kispika juu ya tanki la pikipiki. "Basi kimbia. Kwenye mawe. Ukifika nane na nne, orodha inabaki kama ilivyo, na mimi nitakuwa na amani." Nikampa Nasieku kaunta buku na kalamu, nikavua viatu vya shule, nikabana sketi. Nataka ijulikane kwamba nilijaribu. Watu wengine walisema nilimwachia. Sikumwachia hata mlio mmoja. Nilikimbia kama mtu anayetaka kwenda Moshi, na kuanzia hatua ya sita Nasieku alikuwa anapiga kelele ukingoni, yeye, mwenye nafasi yake mkononi pamoja na kalamu, "Kaza, Karani! Kaza bwana! Geuka mapema!" Kengele ya mstarini ikagonga nikiwa hatua ya saba. Shule nzima ikaanza kupanga mistari upande ule wa ua, inanitazama, mimi ambaye nilikuwa napita nyuma ya choo ili nisitazamwe. Ile miguu ya mtu mwingine ilikuja. Nikaikimbiza hivyo hivyo, mlio mmoja, mwingine, mwingine, halafu nikasikia "piii" nikiwa bado mbali na jiwe, na "piii" nyingine nikiwa nimepiga magoti.

"Niandike ngapi?" Nasieku akauliza. Alikuwa amekunja uso, karibu analia yeye.

"Andika ulichoona."

Akaandika. Nikamnyang'anya daftari kuhakikisha, kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Hatua ya saba, mlio wa sita. Saba yake ilikuwa imepinda kama fimbo ya kuchungia. Nikatoa kalamu mkononi mwake, nikaandika juu siku, saa na dakika, nikampa Mwalimu Mbwambo daftari, nikaikunja kamba yangu, na kwa kuwa wimbo wa taifa ulikuwa umeshaimbwa nikaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari wetu bila viatu, vumbi hadi magotini. Kiranja wa zamu akaja na karatasi yake. "Jina?" Ikabidi nirudie mara mbili ndipo anisikie. Nikamwambia Namkunda, kidato cha tatu, akaliandika, na asubuhi ile hiyo ndiyo orodha pekee liliyoingia jina langu: ya waliochelewa. Nikapewa ufagio, nikafagia uwanja wa bendera.